Ubao wa Mzee Shwari

Misiba haifanani. Uko unaovunja mlango na kuingia bila hodi, na huo majirani huukimbilia wakalia pamoja na wenye nyumba. Uko na mwingine ambao mtu huufuata mwenyewe huko uliko, akaushika mkono, akauleta hadi sebuleni na kuuvutia kiti. Huu wa pili ukishaketi hauondoki, na aliyeualika akifungua kinywa alie, sauti humkwama kooni kama mwiba wa samaki. Anayebisha na asikilize habari za mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuandika hali ya bahari ubaoni.

Gati alikoajiriwa lilikuwa la uvuvi wa burudani. Watu hawakwenda pale kutafuta kitoweo. Walikwenda kutafuta picha. Kiangazi kilipoingia na maji ya mbali yakapata joto na kukolea ubuluu, wageni walifika makundi kwa makundi na kofia zao pana, wakakodi boti na manahodha wa kuwapeleka ukingoni, kule ambako sakafu ya bahari huporomoka ghafla na maji yakawa hayana mwisho. Huko ndiko anakopita jodari, na nduaro mwenye mdomo kama mkuki, na fulusi wa rangi ya dhahabu wanaojibanza chini ya mwani unaoelea. Alasiri walirudi wamebabuka pua, samaki wakaning'inizwa kwenye mizani, na aliyepata mkubwa kuliko wenzake akazungumza kwa sauti kubwa kuliko wenzake.

Baina ya mizani na ofisi palikuwa na ubao mweusi, umetundikwa chini ya upenu usipate mvua. Kila alfajiri mtu wetu aliandika hapo kwa chaki mambo manne: mawimbi, upepo, joto la maji, na samaki waliovuliwa jana. Kisha aliyasoma yaleyale kwenye redio ya mawasiliano ili boti zote zisikie. Mwandiko wake ulikuwa mzuri ajabu, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride, na hilo ndilo lililowafanya wageni wauamini. Nani angedhani kwamba uongo unaweza kuandikwa kwa mkono safi namna ile?

Watu wa gati walimwita Mzee Shwari, kwa kuwa hilo ndilo neno lililoanza kwenye ubao wake karibu kila siku ya Mungu. Si kwamba hakuijua kweli. Mbali baharini palikuwa na boya la vipimo lililotiwa nanga, nalo lilimletea ofisini urefu wa mawimbi na nguvu za upepo saa baada ya saa. Boya halikusema uongo. Lakini boya halikuwa na tajiri, na yeye alikuwa naye. Basi mawimbi ya mita moja yalipofika ubaoni yalikuwa yamesinyaa hadi nusu, upepo mkali ulikuwa umegeuka mwanana, na jodari watatu waliopimwa jana walikuwa wamezaana njiani wakawa kumi.

Manahodha walikuwa na dawa yao, nayo waliiita kuongeza.

"Mzee kaandikaje leo?" mmoja angeuliza.

"Nusu mita."

"Basi mita moja na nusu. Chukua makoti."

Wakacheka, wakaenda zao. Walisema Mzee Shwari akikuambia jua linawaka, beba mwavuli. Kwao jambo lile lilikuwa mzaha wa kazini, kama ule wa kumficha mwenzio pahali ulipopata samaki. Aliyezaliwa gatini alijua kuongeza. Mgeni ndiye hakujua, na ubao ule uliandikwa kwa ajili ya wageni.

Mzee Shwari alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Naye alikuwa nahodha, tena hodari, mwenye mikono migumu na kicheko cha kusikika gati zima. Tangu alipokabidhiwa usukani hata nyumbani waliacha kumwita kwa jina lake. Alikuwa Nahodha kwa baba, Nahodha kwa mama, na mama yake akawa anamwita mumewe baba Nahodha. Kila alfajiri kabla hajatoka nyumbani, Nahodha alisikia kutoka kwa baba yake habari nyingine kabisa, zile za boya, kavu na bila sukari. Wenyewe waliziita habari za nyumbani. Hivyo mzee alikuwa na bahari mbili: moja ya chaki kwa watoto wa watu, na moja ya kweli kwa mtoto wake. Na alilala usingizi wa pono.

Mambo yaliharibika pale Nahodha alipovuta hadi gatini kiboti kidogo kilichojaa maji, ndani yake mume na mke wanatapika na kutetemeka. Walikuwa wageni waliojiamini, wana boti yao wenyewe. Walisoma ubao, wakatoka. Jioni ile Nahodha alikaa mezani bila kugusa chakula.

"Baba," alisema, "unajua yule mwanamke aliniuliza nini nilipompa mkono? Aliniuliza, 'Mbona pameandikwa shwari?'"

"Bahari hubadilika, mwanangu."

"Haikubadilika. Asubuhi uliniambia mimi mita mbili. Kwenye chai hapahapa."

Mama mtu aliweka kijiko chini. "Baba Nahodha, mtoto anasema kweli. Mimi nimelisema siku nyingi, nikaonekana napiga kelele."

"Nyinyi hamjui tajiri," mzee alisema. "Nikiandika mita mbili wageni wanahamia gati la pili. Hata huyu atakosa wa kumpakia."

"Heri nikose," Nahodha alijibu, na sauti yake haikupanda. "Sikiliza, baba. Habari za nyumbani sizitaki tena. Nikizipokea nakuwa mwenzio. Kuanzia kesho nitasoma ubao kama mgeni, wala sitaongeza hata chembe. Ukiandika shwari, natoka. Na sitakuambia ni siku gani natoka na siku gani sitoki."

"Usinitie majaribuni, mwanangu."

"Sikutii majaribuni. Nakusaidia. Najua unanipenda."

Maneno yale yalimwingia mzee. Kesho yake aliandika kama boya lilivyosema, na siku zilizofuata vilevile. Kwa mara ya kwanza tangu aishike chaki ile, ubao ulikuwa wa kweli. Jambo la kuchekesha ni kwamba manahodha hawakusadiki. Aliandika mita moja, wakaongeza kama desturi, wakabaki gatini wakicheza bao siku ambayo mtu angeweza kuvua kwa mtumbwi. Mazoea yana taabu. Nahodha peke yake alitoka, akarudi na fulusi wa kumshinda mtu kubeba, akapita mbele ya dirisha la ofisi akimpungia baba yake mkono.

Aliyenuna ni tajiri wa gati. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuja ofisini siku moja ya joto kali, akafuta jasho shingoni, akaketi juu ya meza.

"Mzee wangu, siku hizi ubao wako unasomeka kama tangazo la kifo."

"Ni vipimo vya boya, bosi."

"Navijua. Kesho nina kundi kubwa, watu wa kampuni. Boti zote zimechukuliwa. Wakikuta ubao unawatisha watapanda magari yao waende kwa jirani, na wakienda mwaka huu hawarudi mwakani." Alishuka mezani. "Mimi sikuambii udanganye. Nakuambia usiwatishe watu. Na kama kazi imekuchosha, sema. Wapo wenye mwandiko mzuri."

Alfajiri ya pili yake boya lilituma habari mbaya. Mawimbi yalikuwa mita moja na nusu na yakikua. Upepo ulitazamiwa kugeuka adhuhuri na kuvuma kinyume cha mkondo, na kila mtu wa bahari anajua kwamba vitu hivyo viwili vikikabiliana, mawimbi husimama wima kama kuta. Juu ya hayo palikuwa na dhoruba ya radi, moja ya zile za kiangazi ambazo huzaliwa kwa joto na hazina subira.

Mzee Shwari alisimama mbele ya ubao na chaki mkononi. Alilitafuta jambo moja tu moyoni: Je, Nahodha anatoka leo? Akageuza shingo. Kule karakana, boti ya binti yake ilikuwa imepandishwa juu ya magogo, rafadha ya kuisukuma imefunguliwa na kuwekwa chini kwenye turubai. Ilikuwa hivyo tangu juzi, na fundi alikuwa bado anangoja kifaa. Mzee akashusha pumzi. Mtoto wake hatoki. Watoto waliobaki walikuwa wa watu, na watu hao walikuwa na manahodha wanaojua kuongeza.

Akaandika: Shwari. Nusu mita. Upepo mwanana. Jodari kwa wingi ukingoni, fulusi kwenye mwani.

Alikuwa anakung'uta vumbi la chaki aliporudi ndani na kumkuta Nahodha amesimama dirishani, amevaa ovaroli la karakana, grisi hadi kwenye viwiko. Alikuwa ameusoma ubao.

"Baba, ubao ni wa kweli leo?"

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kusema, "Hapana, mwanangu, nimerudia," akaona aibu kidogo, yakaisha. Lakini aibu ile ndiyo iliyomshinda. Alimwona mtoto aliyekuwa akimsifu wiki nzima, akaona grisi mikononi mwake, akaiona boti juu ya magogo, akajiambia kuwa uongo huu hauna wa kumuumiza.

"Ni wa kweli, mama," alisema. "Wa kweli kabisa."

Nahodha alitabasamu, uso mzima. "Ahsante, baba," akasema, akaondoka akipangusa mikono. Mzee alifurahi kwamba amemfurahisha.

Kile asichokijua ni hiki. Nahodha mmoja wa gati, mtu wa ndevu nyingi waliyemwita Kidevu, aliamka na jino lililomvimbisha shavu hadi jicho likafumba. Alikuwa na wageni wanne wanamngoja. Alipita karakana akielekea kwa daktari wa meno, akamwomba Nahodha amshikie boti kwa siku hiyo moja. Nahodha alisema ngoja kwanza akasome ubao. Hakumweleza baba yake sababu ya kuuliza, kwa kuwa alikuwa ameapa, na alijiambia: akijua natoka atanipa ya nyumbani, na wengine atawapa ya chaki. Alitaka jibu lilelile ambalo mgeni yeyote angepewa. Akapewa.

Boti zikatoka. Manahodha wengine walilitazama wingu dogo jeusi upande wa kusini, wakaukumbuka ubao, wakaongeza. Walipofika mahali pa kuuona mnara wa gati kwa mbali walitupa chambo palepale, wakawadanganya wageni wao kwamba jodari wamesogea pwani msimu huu. Wageni walivua visamaki vya kukaanga, wakalalamika. Boti moja tu ndiyo iliyonyoosha hadi ukingoni, kwa mwendo wa mtu mwenye uhakika. Katika manahodha wote waliotoka siku ile, ni mmoja peke yake aliyeliamini neno la Mzee Shwari.

Adhuhuri upepo ukageuka. Karatasi ziliruka kutoka mezani, dirisha likajipiga, na joto lote la asubuhi likafyonzwa kama mtu aliyevuta pumzi. Boti zilizokuwa karibu zikaanza kuingia moja moja, wageni wamelowa na kukasirika. Mzee Shwari alisimama mlangoni akizitazama zinavyofunga kamba, na moyoni alijipongeza. Wanarudi wote, alijiambia, si unaona, hakuna aliyekufa.

Ndipo alipomwona Kidevu anatembea upenuni, pamba mdomoni, shavu kama andazi.

"Wewe!" mzee alishtuka. "Boti yako si ilitoka?"

Kidevu alitoa pamba. "Imetoka. Mimi nilikuwa nang'olewa jino. Nimemwachia Nahodha wako."

Mzee Shwari hakumwelewa mara ya kwanza. "Nahodha boti yake iko juu ya magogo," alisema.

"Ya kwake ndiyo. Kachukua yangu. Bado hajarudi?"

Mzee alikimbia. Alipiga goti kwenye pembe ya meza asisikie maumivu, akakikamata kipaza sauti cha redio kwa mikono yote miwili.

"Nahodha! Nahodha, nijibu! Ni mimi, baba yako!"

Redio ilikoroma. Manahodha waliokuwa wakifunga kamba waliacha, kwa sababu kila boti ilikuwa na redio kama ile, na zote zilikuwa wazi. Kisha sauti yake ikaja, inakatika katika upepo.

"Nakupata, gati."

"Uko wapi?"

"Ukingoni. Nimegeuza. Mawimbi yananijia kwa nyuma, marefu sana. Injini moja imezima. Wageni wote wamevaa majaketi."

"Kwa nini umekwenda mbali hivyo, mwanangu? Wenzako wote walibaki karibu! Kwa nini?"

Redio ilikoroma, kisha sauti ikarudi.

"Uliniambia ni wa kweli, baba."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, mzee angeiweza. Sauti ile ilikuwa ya mtu anayestaajabu, kama mtoto aliyepigwa na mkono uliokuwa ukimlisha. Gati zima lilisikia. Kidevu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeukia ukutani.

"Kafute ubao," sauti ikasema tena, sasa kwa haraka. "Asije akatoka mtu mwingine. Baba, kafute..."

Mzee aliita. Aliita hadi sauti ikamkauka, na redio ikamjibu kwa koromo lilelile. Hakwenda kuufuta ubao. Hakuweza kukiachia kile kipaza sauti.

Boti ya uokoaji ilitoka katika dhoruba, na Kidevu akiwa ndani yake na damu bado inamtoka kinywani. Walirudi na wageni watatu, waliokutwa wameng'ang'ania sanduku la barafu. Hao watatu ndio waliosimulia kwamba nahodha wao alikuwa wa mwisho kuiacha boti, na kwamba alikuwa amemshika mkono mwenzao wa nne aliyeishiwa nguvu. Huyo wa nne na Nahodha hawakuonekana tena siku ile. Bahari iliwatoa yenyewe, baada ya upepo kutulia, asubuhi moja ya maji laini yasiyo na hata kunyanzi. Asubuhi hiyo kwa kweli kulikuwa shwari.

Watu wakajaa nyumbani kwa Mzee Shwari. Mkewe alikaa chini amezungukwa na wanawake, na kila aliyeingia alimwinamia, akamshika mikono, akalia naye. Manahodha waliingia mmoja mmoja na kofia zao mikononi. Mzee alikuwa ameketi karibu na mlango, na kila aliyepita alimwona. Wengine walifungua midomo. Wakaifunga, wakapita. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Wengi wao walikuwa wamecheka naye miaka mingi, na kila mmoja alijua kwamba ule mzaha wa kuongeza ulikuwa wa wote. Lakini neno pole, fupi kama lilivyo, lilikataa kutoka.

Kisha akaja kijana mwembamba asiyefahamika na mtu. Alikuwa ndugu wa yule mgeni wa nne. Alisimama mbele ya mzee.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi," mzee alisema.

Mzee alitamani apigwe. Pengine kofi lingemsaidia kulia. Kijana alimpita, akaenda kuketi karibu na mama mtu, na yule mama akamkumbatia kana kwamba wamejuana tangu zamani, wakalia pamoja.

Hapo kifua cha Mzee Shwari kilianza kupanda na kushuka. Alijikokota kwa magoti hadi alipokuwa mkewe, akanyoosha mkono amshike bega. Mkewe aliinua uso. Siku zote alikuwa akimwita baba Nahodha. Safari hii hakumwita jina lolote.

"Usilie hapa," alimwambia, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Mimi nimefiwa. Huyu kijana amefiwa. Wewe ulichagua."

Mzee alinyanyuka, akatoka. Hakuna aliyemwita arudi. Miguu ilimpeleka ilipozoea, hadi gatini. Tajiri alikuwa amefunga ofisi na kwenda zake. Boti zilikuwa zimefungwa, mizani inaning'inia tupu. Chini ya upenu ubao ulikuwa palepale, mvua haikuufikia, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kuugusa. Herufi zilikuwa zimesimama wima, nzuri, moja baada ya nyingine: Shwari. Nusu mita. Upepo mwanana.

Alichukua kitambaa, akafuta kama alivyoagizwa na mwanawe. Alifuta hadi ubao ukawa mweusi tititi, kisha akaendelea kufuta pasipo na kitu. Kitambaa kilipomponyoka aliketi chini ya ubao, mgongo ukutani, akafungua kinywa. Hapakuwa na mtu wa kumkataza wala wa kumwonea haya. Palikuwa na yeye na maji matulivu mbele yake. Alingoja machozi yaje, akangoja sana, na hayakuja. Msiba wa kujitakia hauna kilio.